Mlisha Betri

Glavu mbili nyeusi za mpira zilichomoza kutoka kwenye sanduku la kioo kama mikono ya mtu aliyenaswa ukutani anayeomba avutwe. Mgeni akiingia karakana ile kwa mara ya kwanza hushtuka. Ndani ya glavu hamna mtu! Ni gesi tu. Sanduku limejazwa gesi iitwayo arigoni, isiyo na harufu wala ugomvi na kitu chochote, na kwa kuwa imeshindiliwa kuzidi kidogo hewa ya nje, inazisukuma glavu zisimame zenyewe, vidole vimetanuka, mchana kutwa.

Wenyewe walishazoea. Waliziita Bibi. Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, mzee wa tanuri alipita pale kwanza, akaushika mkono wa kulia wa mpira na kuutikisa kwa adabu.

"Shikamoo, Bibi."

Kisha akajijibu mwenyewe kwa sauti nyembamba ya puani: "Marahaba, mjukuu wangu. Umenawa lakini?"

"Nimenawa, Bibi."

"Muongo wee! Mbona nasikia vitunguu?"

Hakuna aliyecheka tena, maana utani ule ulikuwa umechakaa kuliko mashine za mle ndani. Lakini siku mzee akichelewa, kila mtu alijihisi kama ametoka nyumbani bila kufunga mlango. Kwa hiyo walipita mmoja mmoja, wakampa Bibi mkono, ndipo kazi ikaanza. Wa mwisho daima alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye shingo ndefu na miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Yeye hakumpa Bibi mkono tu. Aliingia ndani yake. Alisukuma mikono taratibu mpaka kwenye viwiko, mpira ukanywea, na vidole vya Bibi vikaanza kuishi.

Huyo walimwita Sindano.

Kazi ya Sindano ilikuwa kulisha betri. Ukisikia hivyo utacheka, lakini ndilo jina walilolipa, na ukielewa kinachofanyika hutapata jina jingine linalofaa. Betri ya lithiamu ina pande mbili. Upande mmoja, anodi, ndio tumbo: betri ikichajiwa, lithiamu huhamia humo ikalala, betri ikitumika, lithiamu hurudi ilikotoka. Tumbo la kawaida hutengenezwa kwa grafiti, ile nyeusi iliyomo ndani ya penseli. Karakana hii ilichanganya humo unga wa silikoni, kwa sababu silikoni inabeba lithiamu nyingi mno kuliko grafiti. Shida ni kwamba silikoni ni mlafi asiye na shukrani. Siku ya kwanza kabisa ya kuchajiwa humeza sehemu ya lithiamu moja kwa moja, asirudishe tena mpaka kiama. Betri inazaliwa ikiwa imeshapungua!

Dawa yake ni kumlisha mlafi kabla hajakaribishwa mezani. Anodi zilikuwa vipande vyeusi vya duara, mfano wa vifungo vya koti. Mzee alizikausha kwanza kwenye tanuri lake, lile linalofyonzwa hewa yote, kwa kuwa unyevu hata wa pumzi ya mtu ni sumu kwa lithiamu. Zikishakauka ziliingizwa kwenye sanduku kupitia kijumba kidogo cha pembeni. Humo Sindano aliweka tone la kimiminika cha betri juu ya kila kipande, akalaza utando wa lithiamu mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu, unaong'aa kama kioo kipya, akaukandamiza kwa kibao cha glasi, akasubiri. Kisha akaubandua kwa kibano. Akiwahi, anodi inabaki na njaa. Akichelewa, lithiamu inayobaki juu huota miiba, na mwiba ukivuka upande wa pili betri inajichoma yenyewe. Na yote haya mtu ayafanye akiwa amevaa mpira mzito, kama anayechambua dagaa kwa glavu za kuokea mkate.

Kabla ya hapo Sindano alikuwa fundi cherehani. Injinia, dada mdogo wa umri aliyeongoza karakana, alimpelekea koti la kazi lililochanika, akamwona akitunga uzi kwenye sindano huku anabishana na mteja mwingine, hata hatazami. Akamuuliza kama angependa kazi ya kioo. Sindano alidhani ni kuosha madirisha.

"Nikakubali," alipenda kusimulia, "nikajiambia, madirisha nayo ni kazi. Kumbe naletwa kuwanyonyesha watoto wa chuma!"

"Na wewe huna maziwa," mzee wa tanuri angedakia.

"Maziwa unayakausha wewe na tanuri lako, Mzee."

Kulisha kwenyewe alikuwa amekujua zamani, tena kwa uchungu. Mama yake mzazi alianza kwa kidole gumba. Kikiwa hakina kazi, kilisugua kidole cha shahada, kama mtu anayepukuchua mahindi yasiyoonekana. Baadaye mkono mzima. Baadaye kikombe kikawa hakifiki mdomoni. Sindano alimlisha kwa kijiko mpaka mwisho, na mama yule, aliyekuwa na ulimi wa kumkata mtu vipande, alifika mahali akawa anafumbua mdomo tu, anatazama pembeni. Kile kitendo cha kutazama pembeni ndicho ambacho Sindano hakuweza kukisahau. Aibu ya mtu mzima anayelishwa.

Kwa hiyo asubuhi moja, akiwa anasubiri chini ya kibao cha glasi, mikono imetulia ndani ya Bibi, aliona kitu kikicheza kwenye mpira wa kulia. Akadhani ni pampu inatikisa meza. Akakitazama vizuri. Lilikuwa gumba lake. Lilikuwa linapukuchua.

Ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba haumsumbui mtu anapofanya kazi kama unavyomsumbua anapopumzika. Gumba lilinyamaza alipochukua kibano, likaanza tena alipokiweka. Ungedhani lina akili! Sindano akagundua kwamba akijishughulisha bila kukoma hakuna atakayejua. Akawa anapanga vibano vilivyokwisha pangwa. Akawa anafuta kioo kisicho na vumbi. Injinia akamsifu kwa bidii yake, naye akainama kufuta tena.

Nyumbani hakukuwa na mpira mweusi wa kumsitiri. Binti yake, aliyefundisha shule ya msingi na aliyekuwa bado akiishi naye, alianza na mzaha.

"Mama, hivi vikombe unavivunja kana kwamba tuna kiwanda."

"Vinateleza. Sabuni yako hiyo ya bei rahisi."

"Sabuni haitingishi sahani."

"Basi osha wewe."

Binti aliosha. Akiwa bado amempa mgongo, akasema polepole, "Twende hospitali, Mama. Marehemu Bibi naye alianza hivihivi."

"Hospitali watanipa jina," Sindano alisema. "Jina la ugonjwa ukishapewa hulirudishi. Niache kidogo niwe sina jina."

Binti akaacha kuosha, hakugeuka. Lakini Sindano aliona kitu kilichomuuma kuliko maneno: msichana alikuwa ameinua mkono wake mwenyewe kutoka kwenye povu, anautazama, ameushikilia hewani, anasubiri kuona kama utatulia.

Alichokuwa akikitetea Sindano, basi, hakikuwa kazi peke yake. Maadamu mikono yake ilikuwa ndani ya Bibi, yeye alikuwa Sindano, wa kutunga uzi bila kutazama. Siku itakapotoka humo, angekuwa mama yake.

Ndipo akakumbuka cherehani. Alikata kitambaa kizito, akajishonea mkanda wa kiganja unaobana kutoka kifundo mpaka kwenye shina la gumba. Ndani akapachika ubapa wa plastiki, ule unaotiwa kwenye kola za mashati zisimame. Akakunja pindo mara mbili na kupiga mshono juu ya mshono, kwa maana fundi mzuri haachi uzi unaning'inia. Ulikuwa mkanda mzuri kweli. Gumba lilibanwa kama mwizi. Aliuvaa chini ya mkono mrefu wa koti na kuingia ndani ya Bibi, na kwa mara ya kwanza katika majuma mengi akasubiri chini ya kibao bila kitu kucheza.

Sheria ya sanduku ilikuwa moja, na aliyeisimamia kwa ukali alikuwa yeye. Hakuna pete, hakuna saa, hakuna kucha ndefu, hakuna kitu chenye pindo. Aliwahi kumtoa Injinia mwenyewe mbele ya wageni. "Bosi, kavue pete yako ya uchumba. Bibi hajaolewa, atakuonea wivu." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sasa yeye aliingia kila asubuhi na pindo lililokunjwa mara mbili.

Mpira haupigi kelele unapoisha. Kila alipoinama na kunyoosha mkono, ncha ya ule ubapa ilisugua mahali palepale, chini ya gumba, kwa ndani. Ikasugua na kusugua. Hatimaye pakatokea tundu dogo kiasi kwamba jicho halilioni. Gesi ikawa inatoka kidogo kidogo. Na mtu akiuvuta mkono kwa haraka, sanduku linapiga mwayo, linavuta kidogo cha hewa ya nje, yenye unyevu wa vinywa vya watu na ndoo za kupigia deki.

Kipimo cha unyevu kwenye paji la sanduku kikapanda kidogo, kikashuka, kikapanda tena.

"Chujio la kunyonya unyevu limechoka," Injinia alisema, akikigonga kwa kucha. "Tutalibadilisha tukimaliza kundi hili. Tukilisimamisha sasa hatutawahi."

Kundi hilo lilikuwa ndilo kila kitu. Watengenezaji wa pikipiki za umeme walikuwa wamekubali kuja kuzijaribu betri za karakana. Zikidumu, njia ya kulisha ingechukuliwa na sanduku lingeongezewa ndugu. Zisipodumu, basi tena. Injinia hakulificha hilo kwa mtu. Aliwakusanya, akawaambia waziwazi, akapangusa miwani yake, akasema, "Haya, tumlishe mlafi."

Sindano alilisha. Na akaona. Hilo ndilo la kusikitisha: aliona. Utando wa lithiamu uliozoea kung'aa mpaka mwisho wa zamu ulianza kufifia mapema, rangi ya kijivu ikiutambaa kutoka pembeni kama ukungu kwenye mkate. Alijiambia ni taa. Alijiambia ni macho, umri. Alisema moyoni, chujio limechoka, si Injinia amesema? Mtu anayetaka kudanganywa hakosi wa kumdanganya, na asipompata, anajitosheleza mwenyewe.

Betri zilifungwa, zikaingizwa kwenye kabati la majaribio, zikachajiwa na kumalizwa, zikachajiwa na kumalizwa. Mwanzo zilikwenda vizuri. Wageni wa pikipiki wakanywa chai yao wakiwa na nyuso nyepesi. Kisha mistari kwenye kioo cha kompyuta ikaanza kuinama, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaosinzia mkutanini. Walipofungua betri moja, wakakuta anodi imevaa ukoko wa kijivu, mahali pengine mnene, mahali pengine hamna kitu. Wageni walishukuru kwa chai. Hawakuudhika hata kidogo, na hapo ndipo kila mtu alipojua hawatarudi.

"Unyevu," Injinia alisema baadaye, sauti yake ikiwa imekauka. "Huu ni unyevu. Anodi hazikukauka."

Wote wakageuka kumtazama mzee wa tanuri.

Mzee alivua kofia. "Nilizikausha, Injinia."

"Una uhakika?"

Swali lile! Laiti angemwambia umekosea, mzee angepigana. Lakini alimuuliza kama ana uhakika, na yeye alikuwa mtu mzima aliyeanza kusahau funguo zake mahali pa ajabu. Wiki iliyopita tu alizikuta ndani ya kopo la sukari, mwenyewe akawasimulia kama kichekesho. Akaizungusha kofia mikononi. "Nadhani nilizikausha," alisema.

Sindano alikuwa amesimama karibu na mlango, mkono wa kulia mfukoni. Gumba lilikuwa linapukuchua bitana ya mfuko. Alifumbua mdomo. Neno lilikuwapo, liko hapo juu ya ulimi, lina uzito na ladha. Akafumba.

Hakuna aliyemfukuza mzee kwa kelele. Aliambiwa akapumzike, maana kazi ya tanuri ingepungua kwa sasa, na kila mtu alielewa maana ya kwa sasa. Siku ya kuondoka alifika na mfuko wa plastiki, akatia humo kikombe chake, ndara zake, na kitambaa cha kufutia kioo cha tanuri ambacho hakikuwa na thamani yoyote. Watu walikuwa wametoka kula. Ndani alibaki Sindano peke yake, akisafisha. Mzee akasimama mbele ya sanduku.

"Haya, Bibi. Mjukuu wako anakwenda." Akaushika mkono wa kulia wa mpira.

Hakuutikisa.

Alibaki ameushika, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo ya mgonjwa. Akaubana tena. Akapeleka kiganja chake chini ya gumba la mpira, akakiacha hapo.

"Bibi anapumua," alisema taratibu.

Sindano akautia mkono wa kulia mfukoni.

"Njoo uone. Kuna kaupepo hapa. Kembamba, kabaridi." Akaupindua mpira, akautazama kwenye mwanga. "Na hapakutobolewa kwa nje, mwanangu. Hapa pamesuguliwa kutoka ndani."

Pampu iliguruma kwenye kona.

"Nionyeshe mkono."

"Mzee..."

"Nionyeshe tu. Mimi si daktari wala si polisi."

Sindano akautoa mfukoni. Aliunyoosha mbele yao wote wawili, na gumba, kwa kuwa halikuwa na kazi, likafanya kazi yake. Mkanda ulikuwa bado umefungwa, ubapa umechungulia kwenye kona ya pindo. Mzee aliutazama muda mrefu. Halafu akafanya jambo ambalo Sindano hakulitarajia: akacheka, cheko fupi lisilo na mzaha.

"Mshono mzuri," alisema. "Mshono wa pindo mara mbili. Wewe nawe! Hata kuharibu huwezi kuharibu ovyo ovyo."

Machozi yakamtoka Sindano. "Nitamwambia. Akirudi tu, nitamwambia."

"Utamwambia nini? Mimi mfuko wangu huu hapa, umeshafungwa. Kikombe kimo, ndara zimo. Ukisema leo, atatutoa wote wawili, mmoja kwa uzee na mwingine kwa hilo. Ukinyamaza, tunakwenda mmoja." Akamshika mkono ule unaotetemeka, akaubana kwa nguvu mpaka ukatulia. "Mwambie glavu imechakaa, ibadilishwe. Vua huo mkanda. Ulishe. Wewe una miaka bado, mwanangu. Mimi nilikuwa nimebakiza sukari ya kutafutia funguo."

Akachukua mfuko wake. Mlangoni akageuka, akasema kwa ile sauti ya puani, "Nawe unawe mikono."

Sindano alinyamaza. Hilo ndilo alilofanya, na hakuna namna ya kulipamba. Aliripoti glavu imechakaa, Injinia akaagiza jozi mpya, hakuuliza mengi kwa vile kichwa chake kilikuwa kwenye barua za kuomba nafasi nyingine ya majaribio. Glavu mpya zikafungwa. Zilinuka mpira, zilikuwa ngumu, hazikuwa na mikunjo ya mtu yeyote.

Asubuhi ile hakuna aliyemwamkia Bibi. Walipita pembeni, macho chini.

Sindano akavua mkanda, akaingiza mikono mitupu. Akaweka tone. Akachukua utando kwa kibano, akaupeleka juu ya anodi, na hapo, katikati ya kazi, mahali ambapo gumba lilikuwa likinyamaza siku zote, halikunyamaza. Utando ukajikunja. Akachukua mwingine. Ukapasuka. Wa tatu ulitua, lakini kombo, na alipotaka kuunyoosha, vidole vilikwenda polepole mno, kana kwamba amri inatoka kwake na kupitia kwa mtu mwingine anayefikiria kwanza. Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Akaegemeza kiwiko. Akazuia pumzi. Ndani ya kioo, juu ya sinia nyeupe, vipande vya lithiamu vilijikunyata kama majani makavu, vinang'aa vyote, visafi, havina hata doa. Hewa ilikuwa safi sasa. Sanduku halikuwa na kosa lolote.

Hivyo sadaka ya mzee haikudumu hata juma moja.

Aliingia ofisini kwa Injinia, akasimama badala ya kukaa, akamwambia yote kwa mpangilio, kama anayesoma vipimo vya nguo: gumba, mkanda, ubapa, tundu, mzee. Injinia alisikiliza. Alivua miwani akaiweka mezani. Bila miwani alionekana mtoto.

"Kwa nini hukuniambia mapema, mama?"

"Ningekwambia ungenitoa kwenye sanduku."

Injinia akafikiri. Angeweza kukataa, ikawa uongo wa adabu. "Ndiyo," alisema. "Ningekutoa." Kisha akaongeza, "Na kile kipimo kilikuwa kinaniambia. Nikakigonga kwa kucha."

"Mrudishe Mzee."

"Kwenye nini?" Injinia alionyesha dirishani. Nje, tanuri lilikuwa limekwisha kufungwa kamba na kufunikwa turubai. Chuo kimoja kilikuwa kinalichukua. Bila kundi jipya hapakuwa na kitu cha kukausha. Ukweli ulikuwa umefika kama mgeni wa mbali anayekuta matanga yameanuliwa. Anapewa kiti, anapewa maji, lakini hakuna anayelia naye.

Sindano alimpigia mzee simu. Akapokea mkewe, akazungumza kwa kunong'ona. "Mama, nashukuru umepiga. Ameshindwa kukaa. Akiniona nimezima jiko, anarudi kuligusa kama limezima kweli. Akitoka, anarudi. Ananiuliza, una uhakika? Una uhakika? Mimi sijui alifanya nini huko kwenu, hataki kusema."

"Hakufanya kitu," Sindano alisema. "Mpe simu, tafadhali. Hakufanya kitu chochote."

Mzee alipokuja kwenye simu alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo umesema," alijibu hatimaye. "Nilikupa kitu, ukakirudisha." Hakukuwa na hasira ndani ya sauti yake, na hakukuwa na utani pia. "Lakini sikia, mwanangu. Lile tanuri. Mara ya mwisho. Una hakika nililifunga vizuri?"

"Ulilifunga, Mzee. Tundu lilikuwa langu. Wewe mwenyewe uliligusa."

"Ndiyo. Niliugusa ule upepo. Lakini una hakika?"

Baada ya hapo Sindano alikubali kwenda hospitali na binti yake. Daktari alimwambia achore mstari wa kuzunguka kama gamba la konokono kwenye karatasi. Mstari ulianza mpana katikati, ukazunguka, ukawa unasinyaa na kukatika meno meno kama kisu cha mkate, mpaka mizunguko ya mwisho ikagandamana. Daktari akatamka jina. Lilikuwa lilelile alilopewa mama yake. Binti alikuwa amekaa juu ya mikono yake yote miwili, kama mtoto aliyekatazwa kugusa vitu dukani.

Siku ya kuchukua vitu vyake karakanani, Sindano hakuwa na vingi. Miwani ya akiba, kikombe cha plastiki, kwa sababu vya udongo alishaviacha. Injinia alimkumbatia, akamwambia aje kuwasalimia wakati wowote, na wote wawili walijua kuwa huenda pasiwe na mahali pa kuja. Kisha akamwachia chumba.

Alisimama mbele ya sanduku. Ndani, taa ilikuwa inawaka juu ya sinia tupu. Glavu mpya zilikuwa zimechomoza, zimenyooka, hazina mkunjo, vidole vimetanuka, zimetulia tuli kuliko mikono yoyote aliyowahi kuiona maishani mwake.

Akaushika ule wa kulia.

"Shikamoo, Bibi," alisema.

Alingoja kidogo, kwa mazoea, ile sauti ya puani imjibu. Mkono wake ulitetemeka, na mpira, kwa kuwa ulikuwa umeshikwa, ukatetemeka pamoja naye mpaka kwenye ncha za vidole, kana kwamba ndani yake kuna mtu. Alitazama hilo kwa muda. Halafu akageuza uso pembeni, akauachia.

Bibi akatulia palepale.